Ujira wa Shauri Litolewalo kwa Mbali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Imetufikia katika darasa letu masala ambayo kwa dhahiri yake ni madogo, walakini ndani yake mna haki za watu na roho za watu. Kwa hivyo tumeona yafaa kuyaandika hapa, ili anufaike nayo aliyeuliza na asiyeuliza.

Ndugu mmoja Mwislamu, mfanya biashara katika mji wa Laare, huko Meru, ana nyumba ya maduka isiyokuwa na ghorofa, aliyoijenga yapata miaka kumi iliyopita. Sasa ataka kuipandisha. Juu ataka kuweka vyumba viwili vya kupangisha, na chumba kimoja kikubwa kiwe chuo cha watoto, kwani Waislamu wa upande huo ni wachache na watoto wao hawana mahali pa kusomea. Akampelekea muhandisi mmoja wa Mombasa picha za nyumba yake kwa simu, pamoja na vipimo alivyovichukua kwa mkono wake, akamuuliza: je, nguzo hizi zitachukua ghorofa? Muhandisi akamjibu kwa adabu kuwa kazi hiyo ina ujira, na kiasi chake akakitaja. Ndugu yetu akaona uzito, akatuandikia: “Je, ni halali mtu kutoza fedha kwa maneno ya simu, naye hakuondoka kitini pake, hakushika jiwe, wala hakuikanyaga ardhi? Na je, si wajibu wa Mwislamu kumnasihi nduguye bure?”

Masala haya yaliposomwa, waliokuwapo waligawanyika. Wako waliosema ujira huo haufai kabisa, kwani ilimu haiuzwi. Wako waliosema ni halali kama ujira wowote, na mwenye kuuliza alipe anyamaze. Sisi twaona kila upande umeshika kipande cha haki na umeacha kipande, na hicho kilichoachwa ndicho chenye hatari zaidi.

Natuanze na hoja ya wale wakatazao. Hoja yao ya kwanza ni kuwa dini ni nasaha, na kuwa yamekuja makemeo makali juu ya mtu aulizwaye ilimu akaificha. Maneno hayo ni kweli, wala hapana Mwislamu awezaye kuyakanusha. Lakini yataka yawekwe mahali pake. Ilimu ambayo ni haramu kuificha ni ile ambayo mtu ana haja nayo katika dini yake, au ile ambayo kwa kuifichwa ataingia katika maangamivu. Ama kuketi siku mbili au tatu ukahesabu uzito wa dari ya mtu, ukapima nguvu ya nguzo zake, ukamchorea namna ya kuzitia nguvu, hiyo si ilimu iliyofichwa. Hiyo ni kazi, kama kushona kanzu na kuchonga mlango ni kazi. Hapana mtu wa Mombasa amwambiaye seremala kwamba kwa kuwa ajua kuchonga, basi kutaka fedha ni kuficha ilimu.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alipopigwa chuku na Abu Taiba aliamuru apewe ujira wake. Tena katika Hijra, yeye na Abu Bakari (r.a.) walimkodi Abdullahi bin Uraykit, naye wakati huo hakuwa Mwislamu, awaongoze njia ya kwenda Madina kwa kuwa alikuwa hodari wa kuzijua njia. Zingatieni jambo hili, ndugu zetu. Mtu yule hakuwauzia ngamia, kwani ngamia walikuwa wao. Hakuwauzia chakula. Alichokodiwa ni ujuzi wake wa njia. Basi kulipwa kwa ajili ya ujuzi si bidaa ya zama zetu, ni jambo lililofanyika katika safari tukufu kuliko zote.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, nayo ndiyo iliyowababaisha wengi. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kuwa ijara haisihi katika neno lisilomchosha mwenye kulisema. Imamu Nawawi katika Minhaj ametoa mfano wa dalali akodiwaye aseme neno moja lisilo na taabu, kuwa hilo halina ujira hata kama kwa neno hilo bidhaa imepata soko. Wakasema wenzetu: basi na muhandisi huyu amesema neno katika simu, tofauti iko wapi?

Tofauti ameieleza Imamu Ghazali katika Ihya. Yeye ametaja mambo mawili. La kwanza ni tabibu ajuaye dawa ambayo hapana aijuaye ila yeye, akataka fedha ndipo aitaje. Huyo hana haki ya kuchukua, kwani kutamka neno hakumtaabishi. La pili ni fundi wa panga na vioo, aliyebobea katika kazi yake hata akaweza kuunyosha upanga uliopinda kwa pigo moja tu. Huyo ana haki ya kuchukua ujira, hata ukiwa mwingi, ijapokuwa pigo ni moja, kwa sababu sanaa hizo watu hutaabika katika kujifunza ili wapate riziki kwazo. Basi asitazame mtu urefu wa jibu. Muhandisi apigaye hesabu kisha akasema kwa simu, “Nguzo hizi hazitoshi,” jibu lake ni maneno matatu, lakini ni maneno yaliyobebwa na miaka ya kusoma na siku za kuhesabu. Huyo yuko pamoja na fundi wa upanga.

Lakini huyu huyu muhandisi yaweza kumfikia siku akawa pamoja na yule tabibu, naye asijijue. Jambo hilo tutalirudia, kwani ndilo kiini cha makala haya.

Kabla ya hapo, natuwaambie wakatazao neno moja la uso kwa uso. Laare sisi watu wa pwani twaijua sana, na tuseme kweli, hatuijui kwa nyumba zake wala kwa watu wake, bali twaijua kwa miraa. Katika vilima vya Nyambene ndiko ing’olewako, na magari huikimbiza usiku kucha kuileta kwetu, kwa kuwa baada ya siku mbili hunyauka ikawa haina thamani. Mtu wa mji wetu hutoa fedha zake kwa bunda litakalokuwa takataka kabla ya adhana ya Isha, wala hamuulizi muuzaji kwa nini hakumpa bure kwa ajili ya udugu wa Kiislamu. Na mwenye kujenga hulipa saruji, hulipa kokoto, hulipa mchanga na gari lililouleta mchanga, humlipa mwashi na kibarua. Akifika kwa yule aliyesoma ili dari isiwaangukie watoto, hapo ndipo hukumbuka kuwa dini ni nasaha. Hiyo si haki, ndugu zetu. Kumlipa mchukuzi wa jiwe na kumnyima mwenye kujua jiwe liwekwe wapi ni kuudharau ujuzi, na umma wenye kudharau ujuzi haulii dhiki yake kwa sababu nyingine.

Tena lipo jambo ovu zaidi, nalo ni kumfedhehesha mtu mpaka atoe. Kamati ya msikiti au ya chuo humwita muhandisi mbele za watu, wakasema, “Huyu ni mwenetu, atatufanyia fi sabilillahi.” Naye hupata haya kukataa. Huo si mchango, kwani mali ya Mwislamu haiwi halali kwa mwenzake ila kwa ridhaa ya moyo, na kazi ya mtu ni mali yake. Akitoa mwenyewe kwa hiari yake, hiyo ni sadaka kubwa yenye kuendelea, na twawahimiza wahandisi wetu wasijinyime fungu hilo. Lakini sadaka ni mlango wa mwenye kutoa, si mkuki wa mwenye kupokea.

Basi ujira ni halali. Yule muhandisi wa Mombasa alifanya vyema pia kuutaja mwanzo. Ile desturi yetu ya kusema “Wewe fanya tu, tutaelewana,” ndiyo izaayo uadui baina ya ndugu, na madhehebu yetu, kwa kauli iliyo mashuhuri, humnyima ujira mtu aliyefanya kazi bila ya ujira kutajwa. Aliyetaja hakukosa adabu. Amefuata sharia.

Sasa natuwageukie wale waliosema ni halali na basi. Hawa nao twawauliza: ni halali kwa kuuza nini?

Yule kiongozi wa Hijra tuliyemtaja hakuwachorea njia mchangani kisha akarudi nyumbani kwake. Alikwenda nao. Kama njia ingekosa maji, na yeye angekosa maji. Ama muhandisi aliyeko Mombasa hatembei na mtu wa Laare. Baina yao kwa njia ya Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Dari ikianguka haimwangukii yeye wala mwanawe. Hapo ndipo ujira wa mbali unapotofautiana na ujira wa karibu. Aliye karibu huchungwa na hofu ya nafsi yake, na aliye mbali hana wa kumchunga ila Mola wake na amana yake.

Natutoe mfano uliokwisha kutokea, tena kabla ya kuwapo simu hizi za mkononi. Huko Kanada, karibu na mji wa Quebec, lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mto wa St. Lawrence. Muhandisi mshauri aliyetegemewa alikuwa Theodore Cooper, mtu mwenye sifa kubwa katika Marekani yote. Yeye alikuwa mzee na mgonjwa, akaongoza kazi hiyo akiwa New York, hakufika darajani vyuma vilipokuwa vikisimamishwa. Ujira aliopewa ulikuwa mdogo, haukumtosha kuweka wasaidizi wa kuzikagua hesabu. Uzito wa daraja ulikadiriwa chini ya ulivyokuwa. Vyuma vya chini vilipoanza kupinda, muhandisi aliyekuwako darajani alifunga safari mpaka New York kumweleza. Cooper alitambua hatari, akapeleka simu ya upepo kwamba uzito usiongezwe. Lakini hakuipeleka Quebec kwa wale waliosimama juu ya vyuma. Aliipeleka katika ofisi ya kampuni huko Phoenixville, Pennsylvania, na kazi haikusimamishwa. Siku ile ile, tarehe 29 Agosti 1907, jua halijatua, daraja likaanguka na watu 75 wakafa.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu yenye kuhusu masala yetu. Kwanza, ujuzi wa mtu hata ukiwa mkubwa vipi haushiki mahali pa macho yaliyoko kazini. Pili, ujira uliopunjwa huzaa kazi iliyopunjwa, na wanaolipa upungufu huo ni wengine kabisa wasiokuwamo katika mapatano. Tatu, onyo la hatari halitoshi kuwa limetoka kinywani. Lazima liwafikie walio hatarini.

Natuirudie nyumba ya Laare, tuone ni yepi muhandisi aweza kuyajua akiwa Mombasa na ni yepi hawezi.

Yako mengi aweza kuyajua. Zege ina uzito wa kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba cha chuo chenye mita 5 kwa mita 4, kikiwekewa dari ya zege yenye unene wa sentimita 15, kitakuwa na mita 3 za ujazo, yaani kilo 7,200. Ni zaidi ya tani saba juu ya nguzo, kabla hazijajengwa kuta na kabla hajaingia mtoto hata mmoja na msahafu wake. Hesabu hii ni moja Mombasa na Laare. Kadhalika aweza kusoma mchoro, aweza kusema nguzo ziwe na upana gani na ziwe mbali kiasi gani, na aweza kuona katika picha ufa ulioelekea upande wa hatari.

Na yako asiyoweza kuyajua. Picha haionyeshi ndani ya nguzo mna nondo nne za milimita 12 au mna nondo nne za milimita 8. Picha haisemi kama saruji ilitiwa kwa kipimo au kwa huruma ya mwashi. Haionyeshi msingi umeshuka futi ngapi, wala umeketi juu ya nini. Nasi watu wa pwani tuna khatari ya kujidanganya hapa, kwani tumezoea nyumba zilizosimama juu ya mwamba wa matumbawe, na mwashi wetu akifika kwenye jiwe hutulia. Nyambene ni vilima vilivyotokana na moto wa ardhini. Ardhi yake ina mtelemko, ina udongo mwekundu wenye kina, na mvua zake hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Ukishuka kwenye mbuga za chini upande wa mashariki hukutana na udongo mweusi, ambao ukinywa maji hufura na ukikauka hupasuka, ukainua nyumba na kuishusha. Mtu asiyechimba shimo kando ya msingi akatazama, hajui. Naye Mwenyezi Mungu ametukataza tusiyafuate tusiyo na ilimu nayo, akatwambia kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

Kwa hiyo bidhaa ya halali aliyonayo muhandisi wa mbali ni ile ayajuayo, na alama ya ukweli wake ni kuwa majibu yake yana mipaka. Atasema: “Kwa vipimo ulivyonipa, uzito ni huu. Nguzo za kadiri hii, zikiwa na nondo za kadiri hii, hazitoshi au zatosha. Lakini sijui kilichomo ndani ya nguzo zako, wala sijui msingi wako. Chimba hapa na hapa, mtafute muhandisi aliye karibu aone, kisha unipe habari.” Pengine ndugu yetu wa Laare atakasirika na kusema kuwa amelipa fedha ili aambiwe “sijui.” Twamjibu kuwa hiyo “sijui” iliyotoka kwa mwenye ilimu, ikaonyesha pahali pa kuchimba, ni bora kuliko “ndiyo” ya bure ya mwenye kutaka kukupendeza. Unayemlipa humlipi kwa jibu ulipendalo. Wamlipa kwa kutazama kwake. Na muhandisi akubaliye ujira kwa sharti kwamba jibu liwe “jenga,” huyo hakuuza shauri, ameuza ushahidi wa uwongo. Mwenye kutakwa shauri ni mwenye kuaminiwa, na akimwelekeza nduguye kwenye jambo hali ajua kuwa kheri iko katika jingine, amemfanyia khiyana.

Hapa wahandisi wengine hujikinga kwa kusema, “Mimi sikutoza kitu, nilimwambia tu kwa urafiki, basi sina dhamana.” Kinga hiyo ni ya nyumba ya buibui. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu ni mdhamini wa alichokiharibu, wala hakutajwa kuwa ametoza au hakutoza. Kinachomfunga mtu ni kusema kwake na kuaminiwa kwake. Ujira huongeza wajibu wa kufanya kazi kwa bidii, lakini ukosefu wa ujira hauiondoi amana. Twaona kuwa maneno ya bure yasemwayo ovyo katika simu, “Hiyo itashika, usiwe na wasiwasi,” yameua watu wengi kuliko ujira wowote uliokuwa ghali. Na serikali ya Kenya kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeweka bodi ya kuwaandikisha wahandisi, ili anayeuliza apate kujua anayemjibu ni nani. Mwislamu asiyeandikishwa akajiita muhandisi katika simu ya mtu asiyemwona, amekusanya uwongo mbele ya sheria na uwongo mbele ya Mola wake.

Sasa twarudi kwa yule tabibu wa Imamu Ghazali, ambaye neno lake halina bei. Je, ni lini muhandisi huwa kama yeye? Ni pale afunguapo picha zilizoletwa, kabla ya kulipwa hata senti, akaona nguzo imeinama, au ufa umekatiza boriti, au dari imelegea juu ya watu wanaolala. Hapo haijuzu kwake kuandika, “Tuma fedha kwanza nikueleze nilichokiona.” Kusema “Toeni watu” hakuhitaji hesabu wala mchoro, na roho zimo hatarini. Mwenye kuliona jiwe likimwangukia mtu hapatani naye ujira ndipo apige ukelele. Na lau baada ya onyo hilo mwenye nyumba akakataa kulipa kwa kazi iliyobaki, muhandisi ana haki ya kutofanya kazi, lakini hana haki ya kulirudisha onyo lake. Tena asitosheke kumwambia mwenye nyumba peke yake, ikiwa amjua kuwa ni mtu wa kuficha kwa tamaa ya kodi. Awaambie wapangaji, awaambie wakubwa wa mahali. Mkumbukeni Cooper na simu yake ya upepo iliyokwenda pengine.

Yeyote adhaniaye kuwa twatia chumvi, na akumbuke tarehe chache. Katika Dar es Salaam, siku ya Ijumaa tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa lilianguka likaua zaidi ya watu 30. Katika Nairobi, mtaa wa Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo la wapangaji lilianguka wakafa watu wapatao 50. Na tarehe 23 Septemba 2019, katika Dagoretti, madarasa ya ghorofa ya shule yaliwaangukia watoto asubuhi, wakafa wasiopungua 7. Wale walikwenda kusoma, kama watakavyokwenda kusoma watoto wa Laare.

Yabaki ya kumwambia mwenye kuuliza, kwani naye ana amana. Akileta picha aipige nyumba pande zote, wala asichague upande mzuri. Kama nondo zilipungua kwa sababu fedha zilipungua, na aseme. Mficha uchi hazai, na mwenye kumficha muhandisi aibu ya nyumba yake, kisha akajenga kwa jibu alilolipata kwa hila, dhamana yote i juu ya shingo yake. Wala asichukue jibu lililotolewa kwa nyumba yake akampa jirani ajengee yake, kwani nguzo za jirani si zake na udongo wa jirani pengine si wake.

Basi hukumu tuionayo, na juu ya kila mjuzi yuko Mjuzi zaidi, ni hii. Muhandisi ana haki ya kutoza ujira kwa hesabu, kwa michoro na kwa muda wake, hata kama yote yamepita katika simu, ilimradi ujira uwe maalumu na utajwe mwanzo, usifungwe na jibu fulani, na uwe ni kwa yale ayajuayo tu. Juu yake ni kutaja wazi asiyoyajua, na dhamana ya maneno yake ni juu yake, ametoza au hakutoza. Onyo la hatari ya roho halitozwi kitu wala halingojewi kitu. Na anayeuliza, akiwa na uwezo, alipe kwa moyo mkunjufu na kwa haraka, kama tulivyoamrishwa kumpa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Fedha siku hizi zafika Mombasa kutoka Laare kwa kubonyeza simu, basi udhuru wa safari umekwisha. Asiye na uwezo aseme hana, na twataraji muhandisi Mwislamu atampunguzia au atamsamehe, lakini asimpunguzie katika kutazama.

Ama ndugu yetu wa Laare, shauri letu kwake ni hili, nalo ni bure. Mlipe muhandisi wako. Chimba mashimo kando ya msingi atakapokuelekeza. Mtafute muhandisi aliyeandikishwa, wa Meru au wa Maua, aje aguse nguzo kwa mkono wake, awe ndiye macho ya yule wa Mombasa, na yeye pia umlipe. Uombe idhini ya kaunti kabla ya kupandisha tofali moja. Na mpaka hayo yatimie, watoto na wasome chini, hata kama ni katika duka moja lililofungwa mlango, kwani kusoma chini kwa dhiki ni bora kuliko kusoma juu ya dari usiyoijua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie Waislamu wa Laare mlango wa chuo chao kwa salama, awape wahandisi wetu ilimu yenye manufaa na ulimi wenye kuogopa, na atuepushe sote na kula haki ya mtu na kumwaga damu ya mtu. Amin. Wallahu aalam.